Gari Linalia Lini?

Mwezi uliopita mpwa wangu alinitumia sauti kwenye simu. Anasomba maparachichi kwa pikapu kutoka mashambani Njombe hadi Makambako, na pikapu hiyo ndiyo ada ya watoto, ndiyo kodi ya nyumba, ndiyo marejesho ya mkopo kila mwisho wa mwezi. Aliandika maneno machache tu: "Shikamoo mjomba. Sikiliza hii uniambie ni nini." Nikasikiliza. Kulikuwa na mvumo, na juu ya mvumo upepo wa dirishani, redio, na utingo akikohoa. Nikampigia kumuuliza mvumo huo unatokea lini.

Akanisimulia kwanza yaliyomkuta. Gereji ya kwanza walichomeka mashine ya kupimia chini ya usukani, wakasubiri, wakamwambia gari halina tatizo lolote kwa kuwa skrini haikuonyesha kosa. Akalipia kipimo, akaondoka na mvumo wake. Gereji ya pili fundi aliendesha mita chache, akashuka akasema difu, ile boksi ya gia kwenye ekseli ya nyuma, imekwisha, atafute nyingine ya mtumba Gerezani, Dar es Salaam, au aagiziwe kutoka Dubai. Bei aliyotajiwa ingemeza mapato ya msimu mzima. "Lakini mjomba," akasema, "mimi ndiye ninayeshinda ndani ya hilo gari. Kote huko hakuna aliyeniuliza kitu."

Sina ugomvi na mashine za kupimia. Zimeokoa kazi nyingi. Ila inafaa mwenye gari ajue zilitoka wapi. Mfumo huo wa kuchomeka na kusoma makosa ulifanywa wa lazima Marekani kwa magari ya kuanzia mwaka 1996, na shabaha yake kubwa ilikuwa kudhibiti moshi. Kwa hiyo unasoma kile ambacho gari limewekewa vihisio vya kukipima: hewa inayoingia, mafuta yanayochomwa, joto la injini, kasi ya magurudumu kwa ajili ya breki. Kwenye pikapu za kawaida hakuna kihisio kinachosikiliza beringi ya pinioni, ile gia ndogo ya difu, au kinachojua kwamba krosi ya propela, shafti ndefu inayopita chini ya gari, imekauka grisi. Difu inaweza kusagika hadi ikatoa vipande na skrini ikaendelea kusema kila kitu ni salama. Sauti ya chuma bado inahitaji sikio, na kabla ya sikio inahitaji maswali.

Maswali hayo nilifundishwa Iringa, katika karakana ya mradi wa maji nilikoanzia kazi nikiwa kijana mwenye cheti cha ufundi daraja la tatu. Pikapu zetu zilikuwa Land Cruiser na Hilux, zikibeba mabomba, saruji na mafundi kwenda Kilolo, Isimani na Pawaga, na mara nyingine kushuka hadi Mtera kwa barabara ambayo enzi hizo haikuwa na lami. Fundi mkuu alikuwa mzee aliyejifunzia kazi kwenye malori yaliyosomba mafuta kwenda Zambia baada ya Rhodesia, Zimbabwe ya leo, kujitangazia uhuru mwaka 1965 na njia ya mafuta ya kupitia huko kukatika, kabla bomba la mafuta la TAZAMA halijafunguliwa mwaka 1968. Barabara ya kwenda huko ilikuwa ya udongo kwa sehemu kubwa. Gari likiharibikia porini hakuna wa kukuletea spea ya kubahatisha. Ilimpasa fundi ajue kilichoharibika kabla hajafungua, kwa sababu alichofungua alipaswa kukifunga hapohapo, kwenye vumbi au kwenye tope.

Sheria yake ilikuwa moja. Hakuna aliyeruhusiwa kushika spana kabla mzee hajaketi kando ya dereva, gari likatoka getini, na maswali yakaulizwa. Inalia ikiwa baridi au ikishapata moto? Ukikanyaga mafuta au ukiachia? Kwenye kona ya kulia au ya kushoto? Ikiwa tupu au ikiwa na mzigo? Ilianza baada ya nini? Sisi vijana tulitaka kuuliza inalia wapi, na yeye alitukatalia. Chuma husafirisha sauti. Mlio wa difu hupita kwenye springi, ukapanda kwenye chesi, ukafuata propela hadi gia boksi, na dereva akaapa kwamba kitu kinalia chini ya mkono wake, kwenye mtaimbo wa gia. Hadanganyi, ndivyo anavyosikia. Lakini wakati wa sauti haupotei njiani namna hiyo. Kama inatokea ukiachia mafuta, inatokea ukiachia mafuta, popote sikio lilipo.

Pikapu ya kwanza niliyomwona akiisikiliza ilikuwa ikisaga ikiwa imesimama, injini ikiwaka, gia ikiwa frii. Mzee alimwambia dereva akanyage klachi. Sauti ikakatika. Akamwambia aachie. Ikarudi. Kisha akatugeukia na kutueleza. Klachi ikiwa imeachiwa, injini inazungusha shafti ya kuingilia ndani ya gia boksi hata kama gari halitembei. Ukikanyaga, shafti hiyo inatengwa na kusimama. Sauti inayokufa ukikanyaga klachi inaishi ndani ya gia boksi. Ingekuwa kinyume chake, sauti inayozaliwa ukikanyaga, tungeshuku rilizi beringi, ile inayosukumwa unapokanyaga klachi.

Halafu dereva, ambaye muda wote huo alikuwa kimya, akasema: "Mzee, ikiingia namba nne inapumzika." Kumbe alikuwa ameshalisema hilo ofisini wiki kadhaa nyuma, na watu waliosoma zaidi yake waliliona ni maneno ya dereva tu. Mzee alisimama. Akamuuliza na namba tatu je? Inalia. Na tano? Inalia. Basi, akasema, ni beringi za shafti ya chini. Kwenye gia boksi za gia tano za pikapu kama zile, gia ya nne huunganisha shafti ya kuingilia na ya kutokea moja kwa moja. Shafti ya chini inazunguka lakini haibebi mzigo. Kwenye gia nyingine zote za kwenda mbele, mzigo lazima upitie kwake. Dereva yule hakuwahi kuona ndani ya gia boksi, lakini alikuwa amegundua jambo ambalo kitabu cha karakana kingehitaji mchoro kulieleza. Beringi ziliagizwa kabla gia boksi haijashushwa, na ilipofunguliwa zilikuwa zimekwaruzika zilezile.

Tangu siku ile nimekuwa na imani kubwa kwa dereva kuliko wengi wa rika langu kwenye kazi hii. Na ninaona uchungu gereji ikimwambia asubiri nje.

Somo la kukanyaga na kuachia mafuta nililipata kwenye mlima Kitonga. Anayeujua anajua kwamba kuushuka si suala la breki peke yake. Unaweka gia ndogo na kuiacha injini ilishike gari. Wakati huo mzigo ndani ya difu unageuka. Ukipanda, pinioni inasukuma kraunwili, gia kubwa ya difu, kwa upande mmoja wa meno. Ukishuka, magurudumu ndiyo yanayoisukuma pinioni, na meno yanabanana kwa upande wa pili. Tulikuwa na pikapu iliyopanda kutoka Ruaha Mbuyuni bila mlio wowote, ikafika Iringa ikiwa shwari, na kila ilipotumwa Morogoro ilishuka Kitonga ikilia kuanzia kona ya kwanza hadi chini. Dereva mmoja wa zamu alisema gari halina shida, mwingine akasema ni bovu. Wote wawili walisema kweli: mmoja alikuwa na safari za kupanda, mwingine za kushuka.

Beringi ya pinioni ilikuwa imelegea. Pinioni inapokuwa na nafasi ya kucheza, husogea mbele au nyuma kidogo kila mzigo unapogeuka, na meno hayakutani tena pale yalipozoeana. Tuliwahi. Meno yenyewe yalikuwa bado mazima, kwa hiyo tulibadilisha beringi na sili, tukapima upya mkazo, ikarudi barabarani. Tungeichelewesha, meno yangelika, na hapo hubadilishi kimoja. Kraunwili na pinioni huuzwa pamoja kwa sababu kiwandani husuguliwa pamoja hadi meno ya kila moja yakazoeana na ya mwenzake. Kufunga pinioni mpya kwenye kraunwili ya zamani ni kununua mlio mpya.

Nilikuwa na daftari siku hizo, na hesabu nilizipenda. Tairi la pikapu nyingi lina mzingo wa karibu mita 2.3. Ukienda kilomita 80 kwa saa, unapita mita 22 kila sekunde, maana yake tairi linazunguka takriban mara 10 kwa sekunde. Chukua difu yenye pinioni ya meno 10 na kraunwili ya meno 41: propela itazunguka mara nne na kidogo kwa kila mzunguko wa tairi, yaani mara 40 kwa sekunde hivi. Na meno ya pinioni yatagongana na ya kraunwili karibu mara 400 kwa sekunde.

Hizo ni sauti tatu tofauti kabisa. Tairi lenye uvimbe au rimu iliyopinda hutikisa gari kwa mapigo unayoweza karibu kuyafuata kwa kidole kwenye usukani. Propela isiyo sawa hutetemesha sakafu, haraka, mtetemo unaoingia kwenye nyayo na kwenye kiti. Meno ya difu hayatikisi kitu; yanaimba, sauti nyembamba iliyonyooka inayopanda na kushuka pamoja na kasi. Beringi ya tairi ina tabia yake: huvuma kwa ukwaruzo, na huupandisha na kuushusha mvumo gari likiegemea kona. Dereva anayeweza kusema tu kama ni mtetemo wa usukani, wa sakafu, au ni wimbo usiotikisa, ameshamwondolea fundi nusu ya kazi bila kujua hesabu hata moja. Mzee alikuwa akiwataka madereva waigize sauti kwa mdomo, watu wazima na mvi zao, na hakuna aliyecheka katika karakana ile.

Kilichonifundisha zaidi ni propela, na nitakaa hapo kidogo, kwa kuwa ndipo ninapoona pesa za watu zikipotea hadi leo.

Pikapu moja ilitoka gereji ya mjini ikiwa imebadilishwa krosi, kile chuma chenye umbo la msalaba kinachoiruhusu propela kupinda huku ikizunguka. Ilikwenda ikiwa na mlio wa kugonga, ikarudi na mtetemo mkali kuanzia kilomita 70 kwa saa. Gereji ile ikasema krosi mpya ni mbovu, wakafunga nyingine. Mtetemo palepale. Wakasema ni tairi. Ilipofika kwetu, swali la "ilianza baada ya nini" lilikuwa limeshajibiwa na risiti. Mzee aliingia chini, akatazama ncha mbili za propela, akatoka.

Jambo lenyewe ni hili. Krosi inapofanya kazi ikiwa imepinda haipeleki mzunguko sawasawa. Upande unaoendeshwa huharakisha kidogo na kuchelewa kidogo, mara mbili katika kila mzunguko. Krosi ya pili, upande wa pili wa propela, hufanya vivyo hivyo kwa kinyume na kufuta kosa la ya kwanza, lakini kwa sharti kwamba pembe zao zinalingana na vishikio vyake vimeelekeana. Propela ya pikapu ina sehemu ya katikati inayoteleza kwenye meno ili iweze kurefuka na kufupika springi zinapocheza. Walipoichomoa kubadilisha krosi, hawakuweka alama. Walipoirudisha, iliingia jino moja pembeni. Krosi mbili zilizopaswa kusahihishana zikawa hazifutani tena makosa.

Hatukununua kitu. Tuliichomoa, tukaizungusha jino moja, tukaifunga. Mtetemo ukaisha. Kuanzia hapo nikaona kwa nini mzee hakuwahi kuachanisha propela kabla ya kugonga alama mbili kwa sentapanchi, moja huku na moja kule, hata kama kazi ilikuwa ya dakika chache.

Miaka baadaye, nikiwa na gereji yangu ndogo, mtetemo uleule ulinijia kwa sura nyingine. Mfanyabiashara wa nyanya wa Ilula alikuwa ameshabadilisha krosi zote, senta beringi na tairi mbili. Vishikio vilielekeana barabara. Nilimuuliza inatetemeka ikiwa tupu au ikiwa na mzigo. Akafikiri, akasema: "Nikipakia tenga zikajaa, inatulia. Nikirudi tupu, ndipo inanitesa." Nikatazama nyuma ya gari. Mkia ulikuwa juu. Alikuwa ameongezewa springi ili abebe tenga nyingi zaidi, kama wafanyavyo wengi kwenye barabara hiyo, na springi zile zilipoinua bodi ziligeuza pembe ya propela. Akipakia, mzigo uliirudisha pembe mahali pake.

Nilimshauri apunguze springi. Akakataa, na sikumlaumu. Tenga zile za ziada ndizo zilizokuwa faida yake. Tulichofanya ni kuweka kabari za chuma kati ya springi na ekseli, ili pua ya difu ielekee vizuri, na mtetemo ukapungua hadi kuvumilika. Hata hivyo nilimwambia wazi, na ninasema hapa pia: springi za kuongeza haziiongezei nguvu beringi ya nyuma. Chesi haitalala, lakini beringi inabeba kila kilo uliyoweka, na itakuja kudai.

Maji nayo yana ucheleweshaji wake. Madereva wetu wa Pawaga na wale waliovuka kwenda upande wa Usangu walizoea kupita mito kwa gari lenye difu ya moto. Difu ina kipumulio kidogo juu yake. Ikiingia ghafla kwenye maji baridi, hewa ya ndani husinyaa, na kama kipumulio kimeziba kwa tope, difu huvuta maji kupitia kwenye sili. Dereva anavuka salama, anashukuru Mungu, anasahau. Beringi zinakaa kwenye mchanganyiko wa oili na maji, zinaota kutu vijidoadoa, na mvumo unaanza baada ya majuma mengi, kiangazi, mto ukiwa umekauka. Hapo swali la "ilianza baada ya nini" halijibiwi kwa urahisi, maana dereva anatafuta jibu katika wiki hii. Tulikuja kulazimika kuuliza kuhusu masika nzima. Ukifungua boliti ya kumwagia oili ukaona kinachotoka ni cheupe kama chai ya maziwa, habari yote umeisoma.

Na hiyo boliti ina sumaku mara nyingi. Utelezi wa kijivu juu ya sumaku ni uchakavu wa kawaida wa chuma kinachofanya kazi. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha si vya kawaida. Hata mnunuzi asiyejua ufundi anaweza kuomba aonyeshwe hilo kabla hajatoa pesa.

Ninalitaja kwa sababu ya mwalimu mstaafu aliyekuja kwangu na pikapu aliyoinunua kwa kiinua mgongo chake. Aliijaribu mjini, ikanyamaza kabisa. Alipoirudisha kutoka safari ya kwanza ya Songea ilikuwa inalia kiasi cha watu kugeuka barabarani. Nilipomwaga oili ya difu ilitoka kwa shida, nzito, ikiwa imechanganywa na unga wa mbao. Ni hila ya zamani ya wauzaji wasio na huruma: unga hujaa kati ya meno, sauti inafifia, gari linauzika. Kisha oili inapata moto wa safari ndefu, unga unasagika, na beringi ambazo zilikuwa zimeshachoka zinamalizwa kwa kukosa oili safi. Simu ya muuzaji haikupatikana tena. Tulitafuta difu ya mtumba, mwalimu akaenda kukopa kwa wanawe, na siku zile alipokuwa akija gereji kuulizia niliona haya kana kwamba ni mimi niliyemuuzia. Ukimya wa gari la kuuzwa unahitaji kuulizwa kwa bidii ileile unayoulizia mlio.

Zipo sauti nyingine zisizo ugonjwa. Pikapu nyingi za kazi hazina difu ya katikati ya kusawazisha mbele na nyuma. Ukitoka kwenye tope ukasahau gia ya magurudumu manne, ukaingia kwenye lami na kukata kona, magurudumu ya mbele yanataka kwenda njia ndefu kuliko ya nyuma na hakuna kinachoyaruhusu. Usukani unakuwa mzito, gari linajivuta, kisha kitu kinapiga kwa kishindo chini. Dereva mgeni hudhani gia boksi imepasuka. Anarudi nyuma mita chache kwa kunyooka, anatoa gia ile, mambo yamekwisha. Na kuna difu za kubana, zile zinazozuia tairi moja kuserereka peke yake, ambazo zikiwekewa oili isiyo yake hukwaruza na kutetemeka kwenye kona za polepole. Nimeona difu nzima kama hiyo ikibadilishwa wakati ilihitaji oili tu.

Basi nikamrudia mpwa wangu kwa maswali. Mvumo ulianza karibu kilomita 60 kwa saa. Nilimtaka atafute lami iliyonyooka, tambarare, isiyo na gari nyuma, afike 70, aweke gia frii na asizime injini, kwa kuwa injini ikizimika usukani unakuwa mzito na breki zinapoteza msaada wake. Mvumo haukubadilika hata kidogo. Injini na klachi zikatoka kwenye orodha, na gia boksi ikasogezwa mbali. Akanyage mafuta, aachie, akanyage. Uleule. Difu yenye meno mabovu isingekuwa na utulivu huo. Aingie barabara ya changarawe. Mvumo ukawa bado upo chini ya kelele za mawe, kwa hiyo tairi nazo nikaziweka pembeni. Mwisho kona. "Za kulia mjomba. Kona za kulia unapanda."

Kona ya kulia hutupa uzito upande wa kushoto. Nikamwambia aende kwa fundi mwenye stendi imara, gari liinuliwe, tairi za kushoto zizungushwe kwa mkono, kwa kuanzia na la nyuma linalobeba mzigo, huku mkono mwingine umeshika chuma cha nyuma ya breki. Kwenye la nyuma fundi akausikia ukwaruzo kwa kiganja kabla hajausikia kwa masikio. Beringi moja. Shafti ikatolewa, beringi ikaingizwa kwa presi, sili mpya, kazi ya nusu siku. Difu aliyoambiwa imekwisha bado iko kwenye gari, na maparachichi yanafika Makambako.

Sijui kwa nini gereji zetu nyingi zimeacha kuandika maneno ya dereva. Karakana ya Iringa ilikuwa na kadi ya kazi kwa kila gari, na mstari wa kwanza ulikuwa wa dereva, kwa maneno yake, bila kusahihishwa. Kilichoandikwa na fundi kilifuata chini. Haikugharimu kitu zaidi ya kalamu. Leo nikitembelea gereji za vijana, wengine wakiwa wametoka vyuo vya ufundi vya VETA na maarifa ya umeme ambayo sisi hatukuyaota, naona skrini, naona vipimo vizuri, naona mwenye gari amekaa kwenye benchi ng'ambo ya barabara akinunua soda.

Na kadi ile ilikuja kuongezewa mstari wa pili, kwa sababu ya pikapu moja ya kwenda Mtera. Dereva wake alikuwa ameandika kwa majuma kwamba chini kuna mlio mwembamba wa kukwaruza unaoongezeka haraka kadiri mwendo unavyoongezeka. Kazi zilikuwa nyingi, gari lilihitajika, likapewa grisi na kurudi barabarani. Asubuhi moja alikuja akiwa na furaha. "Mzee, ule mlio umekwisha wenyewe." Mabomba yalikuwa yameshapakiwa na msimamizi alikuwa ameketi mbele. Mzee akamwambia dereva azime gari, akaingia chini palepale kwenye vumbi la getini.

Krosi ya mbele ya propela ilikuwa na unga mwekundu pembeni mwa vikombe vyake. Vile vijiti vyembamba vya chuma vinavyozunguka ndani yake vilikuwa vimekauka, vikalia, vikasagika kuwa kutu, na sasa havikuwapo tena vya kulia. Mbele ya gari lile kulikuwa na miteremko ya kwenda Mtera. Propela ikikatika upande wa mbele kwa mwendo huo, ncha yake hudondoka na kuchimba barabara, na gari huweza kuinuliwa juu yake. Msimamizi alilalamika kwamba watu wa kijijini wanasubiri mabomba. Mzee alimpa krosi mkononi akaitikisa, kisha mabomba yakahamishiwa gari jingine. Jioni ile kadi zote zilipigwa mstari mpya kwa rula, chini ya ule wa sauti zinazosikika, na kila dereva akatakiwa kuandika pia ni sauti gani aliyokuwa akiisikia ambayo sasa haisikii.